Kunoa na Kufua

Timu ya shule ikipigwa mabao manne, watazamaji hugawanyika mafungu mawili kabla wachezaji hawajavua jezi. Fungu moja linasema hatuna vipaji. Jingine linasema vipaji vipo tele, ila mwalimu hafai. Huku Nkasi mabishano hayo utayakuta Namanyere, utayakuta Kirando, na Kabwe utayakuta hadi mwaloni, watu wakigombana huku mikono yao inaanua dagaa. Sijawahi kuona fungu lililokubali kushindwa.

Nayasikiliza kwa sikio la mtu apendaye maneno, na kwa uchungu wa mtu anayetaka watoto hawa washinde. Imani niliyofikia ni hii: tumeng'ang'ania nomino mbili, kipaji na kocha, tukavisahau vitenzi, na ugonjwa wa timu dhaifu ya shule au chuo umo kwenye vitenzi.

Kipaji kwanza. Neno limetoka kwenye kupa. Anayetoa ni mpaji, kinachotolewa ni kipaji. Ndugu yake kipawa ametoka kwenye kupawa, yaani kupewa. Karama, tuliyoipata kwenye Kiarabu, nayo ni zawadi, na makanisani ni zawadi ya Roho Mtakatifu. Yote matatu yanamwonyesha mtoto akiwa amekinga mikono. Hata ile maana nyingine ya kipaji, sehemu ya uso iliyo juu ya nyusi, inavuta upande huohuo: mtu huzaliwa na kipaji cha uso wake, hakifanyii kazi. Ni maneno mazuri, yana unyenyekevu ndani yake, na sitamani tuyaache. Lakini hayana jasho. Mtoto akiambiwa ana kipaji, ameambiwa alichopewa. Akiambiwa hana, ameambiwa alichonyimwa, na aliyenyimwa na Mungu atakata rufaa kwa nani?

Wakenya wanapenda zaidi kusema talanta. Neno hilo limepita kwenye Biblia, Mathayo 25, ambako talanta ni fedha: bwana anasafiri, anawakabidhi watumishi wake mali, akirudi anadai hesabu, na anayekaripiwa ni yule aliyeifukia ardhini. Nairobi wameuita Talanta uwanja mpya uliokusudiwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zitaliandaa kwa pamoja. Kila nikilikuta jina hilo naiwaza hesabu ile. Talanta hudaiwa faida, na kipaji hakidaiwi kitu.

Sasa tazama vitenzi vinavyoandamana na kipaji kwenye hotuba zetu. Vipaji husakwa. Vipaji huibuliwa. Kila UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, inapofunguliwa, mgeni rasmi husema lengo ni kuibua vipaji, na kwenye UMITASHUMTA ya shule za msingi husemwa hivyohivyo. Kuibua ni kukitoa kitu chini kikaonekana juu. Ni kitenzi cha dakika moja: kinaisha pale kitu kinapoonekana, na hakisemi lolote kuhusu miezi itakayofuata. Kijana wa Kabwe anaweza kuibuliwa Namanyere, akaibuliwa tena Sumbawanga, akapelekwa mashindano ya taifa, ambayo mwaka 2021 yalifanyika Mtwara, kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika hadi pwani ya Bahari ya Hindi, akaibuliwa huko mara ya tatu, kisha akarudi nyumbani na mpira uleule aliouacha.

Upande wa pili yupo kocha. Neno hili limesafiri kuliko wachezaji wake wote. Lilianzia Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi tangu karne ya 15. Waingereza wakaliita gari hilo kwa jina la kijiji. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford, kwa lugha yao ya vijiweni, wakamwita hivyo mwalimu wa kulipwa aliyembeba mwanafunzi mpaka avuke mtihani. Kutoka kwenye mtihani likaingia kwenye makasia, kisha kwenye mpira, na sisi tukalipokea likiwa limeshazoea viwanja. Kwa hiyo kocha ni neno lililozaliwa chuoni, na ndani yake mchezaji ni abiria.

Wachezaji wetu wenyewe wana neno lao. Mwulize yeyote baada ya mechi na atakujibu kwamba walifuata maelekezo ya mwalimu. Hata Mbelgiji au Mfaransa asiyejua salamu ya Kiswahili ni mwalimu. Nalipenda neno hili katika kinywa cha mchezaji, kwa sababu anayemwita mwenzake mwalimu amekubali kwamba yeye yuko darasani, na darasani hakuna abiria. Magazeti ya Kenya humwita mkufunzi. Kwetu Tanzania mkufunzi ni yule anayefundisha walimu chuoni, lakini Wakenya wamegusa ukoo ambao ningetamani tuuangalie vizuri zaidi.

Mzizi wa ukoo huo ni funda. Kungwi humfunda mwari. Kutoka hapo tumepata kufunza, mafunzo, mwanafunzi, mkufunzi, na fundi. Aliyefundwa, anayefunda na aliyehitimu wanakula sahani moja. Mpira umeuchukua ukoo huu bila kuupanga: mchezaji tunayemhusudu tunamwita fundi, na pale wanapokaa mwalimu na wasaidizi wake tunapaita benchi la ufundi. Kiswahili kimeuweka ufundi pande zote mbili za mstari mweupe. Anayedai umo upande mmoja tu anabishana na lugha yake mwenyewe.

Waandishi wa michezo wana kitenzi wanachokipenda kwa kazi ya kocha: kunoa. Fulani anainoa Azam, fulani aliwahi kuinoa Mtibwa. Ni kitenzi kizuri na kina ukweli wake, ila kina sharti. Anayenoa lazima apewe kisu. Hakuna mtu aliyewahi kunoa udongo.

Klabu kubwa zinatimiza sharti hilo, na msimu wa Simba wa 2020/21 unatosha kuonyesha. Sven Vandenbroeck, Mbelgiji aliyekuwa akiinoa, aliondoka Januari 2021 katikati ya msimu akaenda FAR Rabat ya Morocco. Akaja Didier Gomes. Mnoaji alibadilika, makali hayakupungua: Februari Simba ikaifunga Al Ahly bao 1-0 Dar es Salaam, ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na ikachukua ubingwa wa Bara. Kiangazi hicho Clatous Chama akauzwa RS Berkane na Luis Miquissone akauzwa Al Ahly. Gomes alikuwa yuleyule, daftari lake lilelile. Oktoba 2021 Simba ikafungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikatolewa, na Gomes akaondoka. Ukimbadilisha mnoaji unaweza usione tofauti. Ukiuza visu viwili vya mbele utaiona ndani ya miezi mitatu.

Wa fungu la vipaji watashangilia hapo, na kwa klabu inayonunua wachezaji wana haki kubwa. Kosa linaanza tunapolibeba neno kunoa kutoka Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga tukalipeleka kwenye shule ya kata kando ya ziwa. Shule ya kata hainunui mtu. Inapokea waliofaulu darasa la saba katika vijiji vyake, wanaojua mpira na wasioujua, na miaka minne baadaye inawaaga. Mwalimu wa michezo, ambaye asubuhi anafundisha Historia au Jiografia, tunampa kundi hilo wiki mbili kabla ya mashindano na kumwambia alinoe. Anoe nini?

Kitenzi chake ni kingine, na tunacho tayari, tena tunakisema kila siku: kufua. Timu inajifua kwa ajili ya mechi. Kijana anajifua alfajiri kabla ya masomo. Wapo wanaosikia ndani yake ufuaji wa nguo. Mimi nasikia chuma, na nadhani mtu yeyote aliyekaa huku Ufipa ana sababu ya kukisikia hivyo.

Nchi hii ilikuwa nchi ya chuma. Kabla majembe ya viwandani hayajajaa madukani, Wafipa waliyeyusha chuma chao katika matanuru ya udongo yaitwayo malungu, marefu kuliko mtu, mengine yakifika mita 3, na mabaki yake yapo hadi leo katika sehemu za uwanda wa juu. Tanuru lilipangwa mkaa na mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka, likawashwa, likavuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto, likaachwa liwake kwa muda mrefu. Kilichotoka humo hakikuwa jembe. Kilikuwa bonge chafu, lenye vinyweleo na takataka, ambalo asiyejua angelipiga teke. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na sasa ndipo mivukuto ilipotumika, likasafishwa. Baada ya hapo mhunzi akalifua kwa nyundo. Jembe likapatikana. Kunoa kulikuja mwisho kabisa, na kulifanywa na mkulima mwenyewe.

Angalia mpangilio ule: kuchimba, kuyeyusha, kusafisha, kufua, kunoa. Timu zetu za shule huruka kutoka la kwanza hadi la mwisho. Tunaibua jiwe, tunalinoa, linakatika, halafu tunaulizana kama kosa ni la jiwe au la mnoaji.

Nitaeleza kwa mfano mmoja wa karibu, ambao yeyote anayetazama mpira wa vijana wa ziwani atautambua. Kijana aliyekulia kwenye mchanga wa mwaloni ana mabega ya kuvuta nyavu na pumzi isiyoisha. Mpira ukimjia anaukanyaga kwa wayo, unasimama, kisha anaangalia pa kuupeleka. Mchangani hiyo ni akili: mpira hauviringiki mbali, na ukijaribu kuupokea ukiwa unatembea utazama njiani. Mpeleke Namanyere au Sumbawanga, kwenye ardhi ngumu ya uwanda, mpira unakuja kwa kasi mara mbili. Anainua wayo, mpira unapita chini yake. Mara ya pili anaukanyaga, ila katika muda alioutumia kuusimamisha beki amekwisha fika. Watazamaji wanasema hana kipaji. Fungu jingine linasema mwalimu hakumpanga nafasi yake. Kumbe anachokosa ni kitu kimoja kinachofundishika: kuupokea mpira kwa mguu ulio mbali na mpira, mwili ukiwa umefunguka kuelekea anakotaka kwenda, ili mguso wa kwanza uwe tayari ni hatua ya kwanza. Jambo hilo haliibuliwi wala halinolewi. Linarudiwa, ukutani, na mwenzake, kulia, kushoto, maelfu ya mara, mpaka mguu usahau mchanga. Ni nyundo juu ya chuma, na linataka miezi.

Miezi hiyo Kabwe inapatikana, kwa mpangilio wake wa pekee. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda taa hazivuti samaki, wavuvi hupumzika, na vijana wanaosaidia baba zao kwenye mitumbwi hupata jioni na alfajiri zao. Mwalimu anayepanga mazoezi kwa kalenda ya ukutani atalalamika kwamba vijana hawana nidhamu, wiki hii wapo kumi na wanane, wiki ijayo saba. Anayepanga kwa kalenda ya mwezi atajua lini afundishe timu nzima na lini afanye kazi na makipa na mabeki wachache waliobaki. Huo ni ufundi wa benchi, na hakuna kozi ya Dar es Salaam itakayompa. Ndiyo maana inaniuma tunapokuwa na mwalimu aliyekwisha kuujua mwezi, vijana na mchanga, kisha anapata uhamisho mwaka wa tatu, na anayekuja anaanzia mwanzo. Tunasema shule imepoteza kocha. Imepoteza zaidi ya hapo.

Shule zilizofanikiwa zinanipa moyo katika hoja hii, ingawa nyingine zilikuwa na nafasi ambayo shule ya kata haina. Makongo ya Dar es Salaam, chini ya Kanali Idd Kipingu, ilijijengea jina kubwa la mpira. Kipingu aliwatafuta vijana wenye kipaji, ndiyo. Lakini kuwatafuta kungekuwa kuibua tu kama angewaacha hapo. Aliwaweka shuleni, wakasoma, wakacheza pamoja mwaka baada ya mwaka, chini ya mkuu wa shule ambaye mpira kwake ulikuwa sehemu ya shule na si jambo la mashindano ya Juni.

Marekani, ambako vyuo vikuu vinacheza mpira wao ule wa kushika kwa mikono mbele ya makumi ya maelfu ya watu, ugomvi huu wa kocha na vipaji ni mkubwa kuliko wetu. Huko kijana wa sekondari hupewa nyota, moja hadi tano, na vyuo vikagombania wenye nyota nyingi. Chuo Kikuu cha Indiana kilikuwa kati ya timu zenye historia nzito ya kufungwa. Mwaka 2023 kilishinda mechi 3 kikapoteza 9. Akaajiriwa Curt Cignetti kutoka James Madison, chuo kisicho na jina kubwa, na mwaka 2024 Indiana ikashinda 11 ikapoteza 2. Fungu la makocha likapata ushahidi wake. Ila Cignetti hakuja peke yake. Alikuja na zaidi ya wachezaji kumi aliokuwa nao James Madison, vijana ambao wasaka nyota hawakuwa wamewatilia maanani. Sasa ushindi ule ni wa kocha au wa wachezaji? Swali halijibiki kwa sababu limekata kitu kimoja vipande viwili. Wale walikuwa wachezaji waliokwisha kufuliwa na mtu yuleyule, na alipohama alihama na chuma chake.

Sumbawanga nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 22 Oktoba 2020, Tanzania Prisons ilipokuwa ikitumia uwanja wa Nelson Mandela kwa mechi zake za nyumbani, Simba ileile niliyoitaja, ya msimu wa Chama na Miquissone, haikufua dafu. Ilifungwa 1-0, bao la Samson Mbangula. Mechi moja haithibitishi kitu, na mwisho wa msimu kombe lilikwenda Msimbazi. Ninachokiheshimu ni aina ya timu iliyoshinda siku ile: timu ya jeshi la magereza, isiyoweza kushindana na Simba sokoni, ambayo kwa miaka mingi imeishi ligi kuu kwa kukaa kambini na kujifua pamoja. Timu ya namna hiyo ndiyo jamaa wa karibu wa timu ya shule. Shule ikitaka kuiga mtu, iige huko.

Njia ya kutoka Namanyere kwenda Sumbawanga inapita Chala, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi alivyoviona Sweden, na katika miaka ya karibuni vimeingia kwenye mpango uitwao Mpira Fursa, unaowaandaa wasichana kucheza na pia kufundisha mpira, hata kwa watoto wa shule za msingi za jirani. Nimelipenda jina hilo. Halijasema vipaji wala makocha. Fursa ni nafasi ya wakati, na wakati ndio tuliokuwa tukiunyima mpira wa shule. Na msichana anayejifunza jioni ya leo, kesho akamfundisha mtoto wa darasa la tano, ameuunganisha tena ukoo wa funda: mwanafunzi na mkufunzi ndani ya mtu mmoja.

Kabwe inaweza kufanya hivyo bila kungoja mradi. Kidato cha nne mmoja mwenye mguso mzuri apewe kidato cha kwanza sita na ukuta. Mwalimu wa michezo apewe msaidizi anayebaki akihamishwa yeye, mvuvi aliyewahi kucheza, fundi baiskeli, yeyote asiye na barua ya uhamisho. Na kwenye ufunguzi wa mashindano ya wilaya, mgeni rasmi asituambie tena kwamba tumekuja kuibua. Asimame, asome majina ya walimu wa kila timu, aseme vijana hawa wamejifua tangu Januari, kisha akae watoto wacheze.